Kombora Liliruka, Wataalamu Wakabaki Nyumbani

Leo nataka tuzungumze juu ya watu wanaotengeneza makombora yenye kasi kubwa sana, yale ya haipasoniki, na namna mikutano yao ilivyolazimika kuhamia mtandaoni.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 19 Machi 2020, kiasi cha saa nne na nusu usiku kwa saa za Hawaii. Roketi iliruka kutoka kisiwa cha Kauai ikiwa imebeba kifaa chenye umbo la pia, kilichotengenezwa kwa ajili ya jeshi la nchi kavu na jeshi la majini la Marekani. Roketi ilipokiachia, kifaa kile kikateleza hewani kwa kasi inayozidi mara tano ya mwendo wa sauti, hadi mahali kilipopangiwa kuangukia. Kesho yake Pentagon ikatangaza kwamba jaribio limefaulu.

Siku hiyohiyo ya tangazo, waandaaji wa maonyesho makubwa ya ndege ya Farnborough, kule Uingereza, nao wakatoa taarifa: maonyesho ya Julai yamefutwa. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatamka tarehe 11 kwamba korona ni janga la dunia, na mipaka ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Basi ikawa hivi: kombora lilisafiri, na watu wanaolielewa kombora lile wakazuiwa kwenda hata mji wa pili.

Na hao ni watu wa mikutano kwelikweli. Jumuiya ya wataalamu wa ndege na anga ya Marekani, AIAA, ilikuwa iwakusanye Reno, Nevada, mwezi Juni; kongamano zima likahamishiwa kwenye skrini. Huntsville, Alabama, mji ambao Mjerumani Wernher von Braun aliundia roketi zake, kuna kongamano la kila Agosti kuhusu anga za juu na ulinzi dhidi ya makombora. Lile nalo mwaka huo likafanyika kwa video. Farnborough wenyewe wakaishia kuandaa maonyesho ya mtandaoni. Hebu fikiria maonyesho ya ndege yasiyo na ndege, watu wakitazama picha za injini wakiwa wamevaa ndala.

Sasa, kabla hatujacheka sana, tuulize mkutano wa namna hii una nini ndani yake, hata kuhama kwake kuwe jambo la kuzungumzwa redioni.

Kasi yenyewe si habari mpya. Wasikilizaji wetu wa Malindi wanaikumbuka San Marco, mitambo ya Waitaliano iliyosimama baharini pale Ngomeni. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka pale setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake. Setilaiti ya namna hiyo, inayozunguka karibu na dunia, ili ibaki juu inahitaji mwendo unaozidi kilomita 27,000 kwa saa. Mstari tunaouita Mach 5, yaani mara tano ya mwendo wa sauti, ni takriban kilomita 6,000 tu kwa saa, kutegemea uko urefu gani angani. Kwa mwendo huo, kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni dakika kumi hivi. Kwa hiyo roketi za Ngomeni ziliuvuka mstari huo zamani sana, na kabla yake, Februari 1949, Wamarekani walishauvuka jangwani White Sands.

Tofauti ni kwamba roketi ya setilaiti hukimbilia juu, itoke kwenye hewa upesi iwezekanavyo. Chombo cha haipasoniki, yaani kinachozidi Mach 5, kinabaki ndani ya hewa. Kinakata kona humo humo, na hapo ndipo shida na faida yake vilipo. Faida ni kwamba adui anayetazama kwa rada hawezi kupiga hesabu mapema kitaangukia wapi. Shida ni joto. Mwaka 2011 Marekani ilirusha chombo cha majaribio kilichoitwa HTV-2, kilichofika karibu Mach 20. Ngozi yake ilipata joto la karibu nyuzi 1,900 za Selsiasi, na chuma safi huyeyuka kwenye nyuzi 1,538. Dakika tisa tu baada ya kuanza safari, mawasiliano yakakatika, na chombo kikaishia baharini.

Kuna jambo moja hapa naomba univumilie nilieleze, kwa sababu mbele kidogo utaona limewapeleka watu gerezani. Fungua bomba la maji kidogo sana: maji yatatoka yametulia, kama uzi wa kioo. Ongeza, na ghafla uzi ule utavurugika. Hewa inayoambaa na ngozi ya chombo cha haipasoniki hufanya vivyo hivyo. Ikitulia, joto linabebeka. Ikivurugika, joto linalopenya kwenye ngozi hupanda mara kadhaa, na chombo kilichokuwa salama kinaanza kuungua. Lini hasa hewa itavurugika, na wapi, na kwa nini pale na si hapa? Swali hilo limewashinda wanafizikia kwa miongo mingi, na jibu lake kamili halijapatikana Moscow, Beijing wala Washington.

Kufanya majaribio nako ni kazi. Injini ya haipasoniki, ile wanayoiita skramjeti, isiyo na feni wala panga zinazozunguka, iliwaka kwa sekunde kama kumi tu kwenye chombo cha NASA cha X-43A mwaka 2004, kikafika karibu Mach 10. X-51A ya mwaka 2013 ilipofikisha sekunde 210, watu walishangilia. Chini ardhini kuna mahandaki ya upepo, lakini handaki linaloweza kusukuma hewa kwa kasi hizo mara nyingi hufanya hivyo kwa sehemu chache tu za elfu za sekunde. Unapepesa jicho, jaribio limekwisha. Mtu hufanya kazi mwaka mzima apate takwimu za muda usiotosha kupiga chafya.

Ndiyo maana wanahitajiana. Handaki la Brisbane, Australia, haliwezi kuiga hali ambayo handaki la Novosibirsk, Urusi, linaiiga, na yote mawili yanatoa vipande tu vya picha. Lazima watu waketi, walinganishe vipande. Hata maadui huketi. Kwa miaka mingi mikutano ya wazi ya fani hii ilikutanisha Wamarekani, Warusi, Wachina, Wajapani, Waaustralia na Wafaransa, kila mmoja na slaidi zake.

Lakini usidhani ukumbini kila mlango uko wazi. Kuna vikao ambavyo yeyote aliyelipa ada anaingia. Kuna vikao ambavyo mlangoni unaulizwa uraia. Na kuna mikutano kama ile ya ulinzi ya AIAA, inayofanyika Laurel, Maryland, kwenye maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins: pale ni Mmarekani mwenye kibali cha usalama peke yake, na simu inabaki nje.

Korona ilipofika, ule mkutano wa wazi ulihama bila taabu kubwa. Na nitasema waziwazi kwamba ulipohama, baadhi yetu tulifaidika. Mwanafunzi wa uhandisi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, angeweza kusikiliza mada juu ya joto na mtiririko wa hewa bila kupanga foleni ya viza wala kuuza kiwanja apate nauli. Hilo si dogo.

Mkutano wa ndani ndio uliokwama. Marekani ina mtandao wa siri, SIPRNet, uliotengwa na intaneti yetu hii, na mnaweza kukutana humo kwa video. Ila chombo cha kuingilia hakiko sebuleni kwako, kiko katika ofisi yenye walinzi na kufuli. Yaani ili ukutane na wenzako kwa mbali, kwanza utoke nyumbani, wakati amri ya serikali ni kwamba usitoke.

Katikati kulikuwa na eneo la kivulivuli: mambo ambayo si siri rasmi, lakini sheria inakataza mgeni asiyajue. Sheria ya Marekani ya kudhibiti usafirishaji wa silaha, maarufu kama ITAR, haiangalii silaha tu. Mchoro nao ni mzigo. Ukimwonyesha mgeni mchoro wa kiufundi, hata kama mmekaa meza moja mjini Chicago, umeusafirisha nje ya nchi. Je, ukiutuma kwa mwenzako Mmarekani aliye mtaa wa pili, lakini kompyuta iliyoupitisha iko Ireland? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa la kutia hofu. Kwa bahati, kanuni mpya ilianza kutumika tarehe 25 Machi 2020, siku sita baada ya jaribio la Kauai: data isiyo ya siri, ikiwa imesimbwa, yaani imegeuzwa fumbo, kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho kwa kiwango kinachokubalika, haihesabiwi kuwa imesafirishwa nje. Kanuni hiyo ilikuwa imeandikwa kabla ya korona. Hakuna aliyejua kwamba itaanza kazi wiki ambayo kila mtu anaihitaji.

Kusimba huko kukawa neno la kila siku. Zoom ilijinadi kwamba inasimba mazungumzo mwanzo hadi mwisho, na mwishoni mwa Machi 2020 waandishi wakaonyesha kwamba sivyo. Siku chache baadaye watafiti wa Citizen Lab, Toronto, wakagundua kwamba baadhi ya funguo za kusimbulia mazungumzo ya watu wa Amerika ya Kaskazini zilipitia kompyuta zilizoko China. FBI nayo ilishaonya juu ya wahuni wanaovamia mikutano ya watu. Pentagon ikawajengea watumishi wake mahali pao pa muda pa kukutania kwa video, wakajiunga kwa mamia ya maelfu, kwa sharti kwamba humo hayatajwi mambo ya siri.

Sharti ni kitu kimoja, binadamu ni kitu kingine. Ijumaa ya tarehe 20 Novemba 2020, mawaziri wa ulinzi wa Umoja wa Ulaya walikuwa wakikutana kwa video. Waziri wa Uholanzi, Ank Bijleveld, akaweka picha Twitter, ionekane kwamba kazi inaendelea. Kwenye picha ile, pembeni, ilionekana sehemu kubwa ya namba ya siri ya kuingilia. Mwandishi wa habari wa televisheni ya RTL, Daniël Verlaan, akakisia tarakimu iliyobaki, na mara akajikuta anawapungia mkono mawaziri, amevaa fulana nyeusi. Josep Borrell, aliyekuwa anaongoza kikao, akamuuliza kama anajua kwamba ameingia kwenye mkutano wa siri. Yule kijana akaomba radhi, akajitambulisha kuwa mwandishi wa habari, akasema anatoka. Mawaziri wengine walikuwa wanacheka.

Wajerumani hawakucheka mwaka 2024. Tarehe 19 Februari maofisa wa juu wa jeshi lao la anga, akiwemo mkuu wake, Ingo Gerhartz, walizungumza mtandaoni kwa Webex juu ya makombora ya Taurus na Ukraine. Taurus si haipasoniki, haifikii hata mwendo wa sauti, ila mazungumzo yenyewe yalikuwa ya aina ileile. Mmoja wao alikuwa hotelini Singapore, kwa ajili ya maonyesho ya ndege, na akajiunga kwa njia isiyo salama. Tarehe 1 Machi sauti zao, dakika 38, zikarushwa hadharani na Margarita Simonyan, mhariri mkuu wa kituo cha Urusi cha RT. Angalia ajabu yake: mtu amesafiri nusu ya dunia kwenda kukutana na watu ana kwa ana, na ni ule mkutano wa mtandaoni, wa dakika thelathini na nane kutoka chumbani, uliomtia matatani.

Visa hivi vinasimuliwa sana, nami nimevisimulia kwa sababu ni vitamu. Lakini wasiwasi wangu hauko kwenye namba za siri. Namba hubadilishwa. Wasiwasi wangu uko kwenye kitu ambacho skrini inacho na korido haina, nacho ni kumbukumbu.

Kwenye mkutano wa kawaida, mada inayosomwa jukwaani imeshachujwa na kamati kabla mtu hajapanda ndege. Kinachobaki ni kile kinachosemwa kwenye foleni ya kahawa. Makala huandika kilichofaulu. Kwenye foleni ndipo utasikia ni kipima-joto gani kiliungua, na ni hesabu gani ilikataa mara nne. Hakuna anayerekodi pale. Mnazungumza, mnatawanyika, na kesho hakuna mwenye ushahidi wa nani alisema nini. Majasusi nao huzunguka hapohapo, najua, na vikombe vyao mkononi. Lakini mwanasayansi mwenye akili anamtazama mtu usoni na kujua aishie wapi.

Mtandaoni kila neno linaacha alama: nani aliingia, saa ngapi, aliandika nini pembeni, aliuliza swali gani. Na fani hii ina historia mbaya ya watu kuhukumiwa leo kwa yaliyoruhusiwa jana.

Chukua mtu aliyeandika kanuni za msingi za mwendo huu mwaka 1946, Qian Xuesen, Mchina aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Wamarekani walimpa cheo cha kanali wakampeleka Ujerumani kuwahoji akina von Braun. Mwaka 1950 wakamnyang'anya kibali chake cha usalama kwa tuhuma za ukomunisti, wakamweka chini ya ulinzi miaka mitano, kisha mwaka 1955 wakamwacha aende China. Alipofika akauanzisha mpango wa makombora wa nchi hiyo. Tarehe 1 Oktoba 2019, kwenye gwaride la Beijing, lilipita kombora la DF-17 lenye kichwa cha haipasoniki kinachoteleza. Qian aliyenyang'anywa kibali mwaka 1950 alikuwa yuleyule aliyeaminiwa mwaka 1945. Kilichobadilika ni siasa.

Na hili la pili ni la juzi tu. Novosibirsk, Siberia, kuna taasisi ya mekanika yenye jina la Khristianovich, moja ya mahali panapoheshimika kabisa katika fani hii. Juni 2022 akakamatwa profesa wake, Anatoly Maslov, bingwa wa lile swali la hewa inayotulia na kuvurugika. Agosti akakamatwa mkurugenzi wa taasisi, Alexander Shiplyuk. Aprili 2023 akafuata Valery Zvegintsev. Tuhuma kwa wote ilikuwa uhaini. Shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Maslov na Shiplyuk waliwahi kuwasilisha matokeo ya kazi yao kwenye semina mjini Tours, Ufaransa, mwaka 2012, na kwamba Shiplyuk alishukiwa kutoa siri kwenye mkutano uliofanyika China mwaka 2017. Mwenyewe alisisitiza kwamba taarifa zile hazikuwa siri, zilikuwa zinapatikana wazi kwenye intaneti.

Mei 2023 wenzao wa taasisi waliandika barua ya wazi, jambo linalohitaji moyo katika Urusi ya sasa. Walisema kila mada ilikaguliwa na kamati ya taasisi kabla ya kupelekwa nje, na hakuna kilichozuiliwa kilichoonekana ndani yake. Wakaongeza kwamba sasa hawaelewi waendeleeje na kazi. Kesi ziliendeshwa milango ikiwa imefungwa. Mei 2024 Maslov alihukumiwa miaka 14. Septemba mwaka huo Shiplyuk akapewa 15.

Sijui kama waliuza siri au hawakuuza. Sijaona ushahidi, na aliyeuona haruhusiwi kusema. Ninachokiona ni ratiba. Toka Tours hadi pingu ni miaka kumi. Katikati Vladimir Putin alisimama mbele ya bunge lake, Machi 2018, akajivunia silaha za haipasoniki za Avangard na Kinzhal, na kuanzia siku ile makaratasi yaliyokuwa fizikia ya kawaida yakaanza kunuka kama mali ya jeshi. Waliyoyasema hawakuyabadilisha. Thamani ya waliyoyasema ndiyo iliyopanda.

Kwa hiyo nikisikia waandaaji wakijisifu kwamba mkutano wao wa ulinzi umehamia mtandaoni salama, kila kitu kimesimbwa, kila mhudhuriaji amehakikiwa, mimi huuliza swali jingine. Kusimba kunamzuia mwizi wa leo asisikie. Hakumzuii mwendesha mashtaka wa miaka kumi ijayo, wa nchi yoyote ile, kuomba kanda na kuisikiliza kwa masikio ya wakati wake. Je, rekodi inafutwa lini? Nani anayo? Mzungumzaji anaweza kudai swali lake lisiwekwe? Mambo haya hayahitaji teknolojia yoyote, yanahitaji karatasi moja iliyosainiwa kabla kamera haijawashwa.

Tangu hapo kumbi zimefunguliwa tena, na vikao vya siri vimerudi nyuma ya kufuli zake na simu zinabaki nje kama zamani. Vikao vya wazi vingi vimebaki na mguu mmoja mtandaoni, kwa kuwa ni rahisi na kwa kuwa walio mbali wanavihitaji, nasi tukiwa miongoni mwao. Rekodi za mwaka 2020 ambazo hazikufutwa zitatimiza miaka kumi mwaka 2030.